Mawe, Baraza na Wingu la Nukta: Kuskani kwa Kidijitali katika Historia ya Kurekodi Mitaa ya Mji Mkongwe wa Zanzibar

1. Utangulizi

Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu kubwa ya Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa na Sultani Barghash bin Said mwaka 1883 mbele ya Forodhani, iliporomoka wakati kazi ya ukarabati ikiendelea. Watu wawili walipoteza maisha. Jumba hilo lilikuwa limenusurika mizinga ya Waingereza ya tarehe 27 Agosti 1896, likatumiwa na serikali ya kikoloni, likapita katika Mapinduzi ya 1964, na hatimaye likawa makumbusho. Onyo lilikuwa limekwisha kutolewa na jengo lenyewe, kwani sehemu yake nyingine ilianguka mwaka 2012. Kila anguko la namna hii huzua upya swali lile lile: je, kuna kumbukumbu ya vipimo inayotosha kulijenga jengo upya kama lilivyokuwa?

Jibu ambalo limezoeleka katika miongo miwili iliyopita ni kuskani kwa kidijitali, yaani kuupima uso wa jengo kwa miale ya leza au kwa picha nyingi zinazopishana, hadi lipatikane umbo lake la pande tatu ndani ya kompyuta. Mifano inayotajwa zaidi kuitetea mbinu hii ni ya majengo yaliyoungua. Makaburi ya Kasubi nchini Uganda, ambamo wamezikwa Makabaka wa Buganda, yalipimwa kwa leza mwaka 2009 katika mradi wa CyArk, shirika la Marekani lililoanzishwa mwaka 2003. Tarehe 16 Machi 2010 jengo lake kuu, Muzibu Azaala Mpanga, liliteketea. Huko Paris, mwanahistoria wa sanaa Andrew Tallon alilipima kwa leza kanisa la Notre-Dame mwaka 2010, miaka tisa kabla ya moto wa Aprili 2019. Vipimo vyake vilikuwa miongoni mwa vile vilivyopatikana wakati wa kulijenga upya.

Hata hivyo, kaburi la kifalme na kanisa kuu ni majengo yanayosimama peke yake na yenye mwenyewe anayejulikana. Mtaa ni jambo jingine. Kichochoro cha Kiponda au Sokomuhogo hakina mbunifu mmoja, hakina tarehe moja ya kujengwa, na hakisimami kwa kuta zake tu. Makala haya yanachunguza kinachotokea pale chombo kilichozoea kupima jumba kinapoingizwa katika kichochoro cha Mji Mkongwe. Hoja yake ni kwamba kuskani si mwanzo mpya bali ni upimaji wa karibuni kabisa katika mfululizo wa zaidi ya karne moja na nusu, na kwamba, kama zile zilizotangulia, mbinu hii ina namna yake ya kuchagua. Kwa desturi yake ya sasa hufuta kile ambacho wenyeji wa mji walikiweka hadharani, na hufichua kile walichokijengea kuta ili kisionekane.

2. Wapimaji waliotangulia

Mji wa Zanzibar ulianza kurekodiwa kwa chombo cha mwanga mapema kuliko inavyodhaniwa na wengi. Nahodha Mfaransa Charles Guillain, aliyezuru pwani ya Afrika Mashariki kati ya 1846 na 1848, alikuja na vifaa vya dagerotipu, na baadhi ya michoro iliyochapishwa katika albamu ya safari yake ilitokana na picha hizo. Ni miongoni mwa picha za kwanza kabisa kupigwa katika upwa huu. Guillain hakuja kwa ajili ya usanifu wa majengo. Alitumwa kuchunguza biashara na bandari, na jicho lake lilitua pale penye manufaa kwa dola yake.

Ramani ya mwaka 1892, iliyopimwa na Imam Sharif Khan Bahadur, mpima ardhi kutoka India, ni hatua kubwa zaidi. Ilichorwa wakati Zanzibar ilikuwa na miaka miwili tu chini ya himaya ya Uingereza, na hadi leo ndiyo msingi wa hoja nyingi kuhusu ukuaji wa mji: wapi palikuwa na nyumba za mawe, wapi palikuwa na vibanda vya udongo na makuti, na hori lililoutenga mji na Ng'ambo lilipita wapi. Hori hilo lilifukiwa hatua kwa hatua katika karne ya 20, na sasa mahali pake pana barabara na soko. Bila ramani ya 1892 jina la Darajani lingebaki neno lisilo na daraja.

Upimaji uliofuata uliandamana na mipango. Mwaka 1923 H. V. Lanchester alitoa ripoti yake ya mipango ya mji, akiutazama mji kwa jicho la afya, bandari na mgawanyo wa maeneo. Garth Myers (2003) ameonyesha jinsi mipango ya kikoloni ilivyoichukulia Ng'ambo kuwa tatizo la kupangwa, si mji wenye mpango wake. Mpango wa Kendall wa 1958 na ule wa wataalamu wa Ujerumani ya Mashariki wa 1968 ilitofautiana sana kiitikadi, lakini yote miwili iliutazama mji kutoka juu.

Badiliko la kweli lilikuja katika miaka ya 1980. Ripoti ya wataalamu wa Umoja wa Mataifa ya 1983 iliweka wazi kiwango cha uchakavu wa majengo, na mwaka 1985 ikaundwa Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe. Mpango uliosimamiwa na Francesco Siravo kwa ajili ya Mfuko wa Utamaduni wa Aga Khan, uliochapishwa mwaka 1996, uliwataka watafiti kutembea kwa miguu. Majengo yalikaguliwa moja baada ya jingine, na viungo vya mtaa kama mabaraza, milango na roshani vikaorodheshwa pamoja nayo. Bila kazi hiyo ya mikono na karatasi ingekuwa vigumu mji kuorodheshwa kuwa Urithi wa Dunia mwaka 2000. Inafaa kukumbuka kwamba waraka bora zaidi wa mitaa ya Mji Mkongwe kufikia sasa ulipatikana kwa futi, penseli na kubisha hodi.

Kisha mwaka 2016 ulianza Mradi wa Ramani wa Zanzibar, ambao uliwahusisha wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar katika kurusha droni juu ya Unguja na Pemba. Picha zake zina uwazi wa sentimita chache kwa kila nukta. Kwa mara ya kwanza kila paa la mji lilionekana kwa pamoja, tena kwa mikono ya vijana wa Visiwani wenyewe. Jambo hilo la pili halipaswi kupitwa haraka, kwa kuwa katika orodha yote iliyotajwa hapo juu wapimaji karibu wote walitoka nje.

3. Leza katika kichochoro

Skana ya leza huwekwa juu ya tripodi, ikazunguka na kutupa miale pande zote. Kwa kila mwale hupima umbali hadi pale mwanga ulipogonga, na kwa sekunde moja huweza kukusanya mamia ya maelfu ya nukta kama hizo. Nukta zote pamoja huitwa wingu la nukta. Kwa kuwa mwanga haupiti ukutani, kila kituo huona upande mmoja tu, na vituo vingi huunganishwa baadaye kwa kutumia alama zinazoonekana kutoka zaidi ya kituo kimoja.

Katika uwanja wa wazi utaratibu huu ni mwepesi. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, ambayo yamo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu 1981, yamepimwa hivyo na Mradi wa Zamani wa Chuo Kikuu cha Cape Town chini ya Heinz Rüther, na matokeo yake ni miongoni mwa kumbukumbu bora za usanifu wa Waswahili. Msikiti mkuu wa Kilwa una nafasi ya kuuzunguka, na hauna mpangaji wa ghorofa ya pili.

Kichochoro cha Mji Mkongwe kina upana wa mita mbili au tatu, na kando yake nyumba hupanda ghorofa mbili, tatu, hata nne. Mwale unaotoka chini huifikia ghorofa ya juu kwa mshazari mkali, hivyo nukta za huko huwa chache na zisizoaminika. Nyuma ya kila roshani hubaki kivuli kisicho na kipimo. Kichochoro kikipinda, na karibu vyote hupinda, kituo kipya kinahitajika. Mawimbi ya setilaiti hufika kwa taabu kati ya kuta ndefu, kwa hiyo makosa madogo ya kuunganisha vituo hujikusanya mpaka mwisho wa mtaa. Skana za mkononi, ambazo mpimaji hutembea nazo, hupunguza muda wa kazi lakini huongeza makosa hayo. Mapaa hayaonekani kabisa kutoka chini, nayo hukamilishwa kwa droni.

Pamoja na matatizo hayo, faida zake ni kubwa. Kuta za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zake hubebwa na boriti za mikoko. Urefu wa boriti ndio ulioamua upana wa chumba, mara nyingi kati ya mita 2.5 na 3, na vipimo vya leza huweza kuionyesha kanuni hiyo nyumba kwa nyumba: ni wapi ilifuatwa, na ni wapi fundi aliivunja kwa kutumia nguzo za chuma au mbao zilizoagizwa kutoka nje. Vivyo hivyo, ukuta ukipimwa mara mbili kwa kupishana miaka kadhaa, tofauti ya milimita chache huonyesha kwamba unatumbuka. Hilo hutokea hasa pale saruji ilipopakwa juu ya chokaa na kuuzuia unyevu kutoka. Mtazamaji wa kawaida hawezi kuliona mpaka ufa utokee.

Hapa ndipo panapofaa kuweka mpaka wa dai. Skana ingeweza kupima mwinamo wa Beit al-Ajaib kwa usahihi mkubwa, lakini kuufahamu mwinamo hakuuzuii. Baina ya kipimo na ukarabati kuna fedha, mafundi wa chokaa na uamuzi, na hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachopatikana ndani ya wingu la nukta.

4. Uchafu wa data

Baada ya kukusanywa, wingu la nukta husafishwa. Kila kilichotembea wakati skana ikizunguka huacha alama iliyovurugika: mpita njia huwa mistari ya nukta zilizokatika, pikipiki huwa utepe, kanga zilizoanikwa na kupeperushwa na upepo huwa ukungu. Katika lugha ya wapimaji vitu hivi ni kelele au uchafu wa data, na programu za kisasa huweza kuviondoa zenyewe. Ili kupunguza uchafu huo, kazi hufanywa alfajiri au saa za mchana wa jua kali, wakati watu ni wachache. Matokeo yake ni mtaa safi, mtupu, wenye kuta zilizokamilika na mabaraza yasiyokaliwa na mtu.

Kwa upimaji wa jumba la kifalme huenda hasara ikawa ndogo. Kwa mtaa wa Waswahili hasara ni ya kiini. Baraza la mawe lililojengwa kando ya ukuta wa nje si pambo la usanifu. Ndilo lililoiwezesha nyumba kupokea wageni wanaume bila kuwaingiza ndani, na kichochoro kuwa mahali pa kukaa badala ya kuwa njia tu. Roman Loimeier (2007), aliyeandika kwa kina kuhusu mabaraza ya Zanzibar, ameyaona kuwa asasi za kijamii zenye watu wake, mada zake na historia yake, ambamo habari za dunia hupimwa kwa mizani ya mtaa. Baraza moja lilikuwa la wapenzi wa mpira, jingine la wanachuoni baada ya swala ya alasiri, jingine la wachezaji wa bao au karata. Tangu kurejea kwa mfumo wa vyama vingi mwaka 1992, mengine yalijulikana kwa rangi ya chama. Jaws Corner, njia panda ya gahawa na gumzo, inajulikana nje ya Zanzibar kuliko misikiti mingi ya mji, na sababu si mawe yake. Ukiipima alfajiri unapata makutano ya vichochoro, mabenchi na kuta zilizopakwa rangi.

Yapo pia mambo yanayohusu saa. Baraza la upande wa mashariki wa kichochoro huwa na kivuli wakati ambapo lile la mkabala linachomwa na jua, na wakaaji huhama kwa kufuata kivuli hicho. Muuza kahawa hupita na mdila wake na vikombe akivigonganisha, na sauti hiyo ndiyo tangazo lake. Wakati wa masika, mtaa ukijaa maji, baraza hugeuka kuwa njia ya kupita kwa miguu mikavu. Kwa kutazama urefu wa baraza pekee mtafiti aweza kudhani ni kiti tu. Kwa kulitazama baada ya mvua hugundua kwamba kimo chake kina sababu nyingine.

Inafuata kwamba kitendo cha kusafisha ni kitendo cha kihistoria, kwa maana kwamba huamua nini kitabaki katika ushahidi. Si lazima kiachwe kabisa, kwa sababu mhandisi anayetafuta mwinamo wa ukuta ana haki ya kupata ukuta uliosafishwa. Lakini nakala ghafi inapaswa kuhifadhiwa kando ya ile iliyosafishwa, pamoja na saa na siku ya kila kituo, na mtaa mmoja upimwe zaidi ya mara moja: alfajiri, baada ya alasiri, usiku wa Ramadhani, na wakati wa mvua. Nukta zilizovurugika hazimtambulishi mtu kwa sura, ila huonyesha wapi watu husimama, wapi hukaa na wapi hupita bila kusita. Mhifadhi wa nyaraka hatupi barua kwa sababu ina madoa ya chai.

Mradi wa Ng'ambo, uliozaa atlasi iliyochapishwa mwaka 2019, unatoa mfano wa njia nyingine. Humo mambo yaliyowekwa ramanini hayakuwa majengo peke yake. Maskani, sehemu za burudani, misikiti, masoko na kumbukumbu za wakaazi vilipewa nafasi, kwa sababu nyumba nyingi za Ng'ambo za udongo na mabati zingeonekana hazina thamani kama kipimo kingekuwa jiwe na nakshi. Ni kinaya kidogo kwamba upande wa mji uliodharauliwa na wapimaji kwa muda mrefu ndio uliopata waraka ulio karibu zaidi na maisha yake.

5. Sitara na mapaa

Kwa upande wa pili, kuskani huona zaidi ya ilivyokusudiwa na waliojenga. Nyumba ya Mswahili na ya Mwarabu wa Zanzibar ilipangwa kwa msingi wa sitara. Mlango mkuu hauelekei moja kwa moja ukumbini, kwani mtu hupita kwanza katika daka au ukumbi mdogo wenye viti vya mawe, kisha njia hukunja ili jicho la mpita njia lisifike uani. Madirisha ya chini ni madogo na ya juu yana vipande vya mbao vinavyopitisha upepo na kuzuia macho. Huko Lamu, mji ulioorodheshwa kuwa Urithi wa Dunia mwaka 2001, wikio, yaani chumba kinachopita juu ya kichochoro na kuunganisha nyumba mbili, liliwawezesha wanawake wa ukoo mmoja kutembeleana bila kushuka mtaani.

Mapaa nayo yalikuwa sehemu ya mfumo huo. Kabla mabati hayajaenea, mapaa mengi ya nyumba za mawe yalikuwa bapa na yalitumiwa jioni. Kumbukumbu za Emily Ruete, yaani Sayyida Salme binti Said, zilizochapishwa kwa Kijerumani mwaka 1886, zinaeleza kwamba nyumba yake mjini ilipakana na ya mfanyabiashara Mjerumani, na kutoka juu ya paa lake aliweza kuona karamu za jirani huyo, ambaye baadaye akawa mumewe. Historia ya mapaa ya Mji Mkongwe ina tukio hilo ndani yake: ni mahali palipokuwa faragha na wazi kwa wakati mmoja, penye adabu zake za nani atazame wapi. Droni huyaona mapaa ya leo, ambayo mengi ni mabati yenye kutu, na huweza kupima mteremko wake kwa sentimita. Haiyaoni mapaa ya Salme. Na inapopita, inaziona nyua zote za ndani kwa pigo moja, jambo ambalo hakuna jirani aliyewahi kuruhusiwa kulifanya.

Wapo watakaosema kwamba picha za setilaiti tayari zimeufanya ubishi huu kuwa wa kizamani. Hoja hiyo haitoshi. Picha ya mbali inaonyesha kwamba kuna ua. Wingu la nukta linaonyesha mlango wa ndani uko wapi, unafunguka upande gani, na dirisha la chumba cha kulala lina kimo gani kutoka darini kwa jirani. Kwa mwenye nyumba, huo ni mchoro wa sitara yake pamoja na mianya yake. Utafiti unaodai kuhifadhi utamaduni wa mtaa hauwezi kuanza kwa kuvunja kanuni iliyoujenga mtaa huo. Ruhusa ya mwenye nyumba, na hasa ya wanawake wa nyumba, haipaswi kuchukuliwa kuwa fomu ya kukamilisha. Ni sehemu ya data, kwa kuwa kukataa kwa mtu kupimwa ua wake humweleza mtafiti mpaka wa sitara ulipo leo.

6. Mlango uliohama na nyumba ya wakfu

Milango ya kuchongwa ndiyo kitu kilichopigwa picha zaidi Zanzibar, na ni rahisi kuiskani: ipo usawa wa jicho na nakshi zake zina kina cha kutosha kuakisi mwanga vizuri. Kwa kawaida hutofautishwa mitindo miwili mikubwa, ule wa kizingiti cha juu kilichonyooka, na ule wa baadaye wenye tao na nakshi zilizoathiriwa na mafundi wa Kihindi. Judy Aldrick (1990) ameichambua milango hii ya karne ya 19 kwa kina. Umbo la kidijitali huwezesha kulinganisha miimo na mifaa ya milango mingi bila kuigusa, na pengine hata kutambua mkono wa karakana moja katika mitaa tofauti.

Lakini mlango huhama. Uliweza kuuzwa, kurithiwa, kung'olewa nyumba ilipobomoka na kutiwa katika nyumba nyingine, au kusafirishwa nje ya nchi. Wingu la nukta huupokea mlango na ukuta wake kama kitu kimoja, kwa kuwa vinagusana. Mtafiti anayeutumia mlango kukadiria umri wa nyumba anaweza kukosea kwa vizazi viwili. Chokaa iliyozibwa upya pembeni mwa mwimo ni dalili moja, nayo huonekana kwa skana. Dalili nyingine, nzito zaidi, ni kauli ya jirani aliyeuona mlango ukiletwa.

Jambo hili ni kubwa zaidi katika suala la umiliki. Abdul Sheriff, katika makala yake ya 1992 kuhusu misikiti, wafanyabiashara na wamiliki wa ardhi na katika kazi aliyoihariri ya 1995 kuhusu historia na hifadhi ya Mji Mkongwe, ameonyesha jinsi mji ulivyofumwa kwa uhusiano wa mali na ibada. Nyumba nyingi ziliwekwa wakfu, ama kwa ajili ya msikiti wa mtaa ama kwa kizazi cha mwekaji. Baada ya Mapinduzi ya 1964 majumba mengi yalitaifishwa, wenyewe wengi waliondoka, na vyumba vikagawiwa familia zilizotoka Ng'ambo na mashamba. Nyumba iliyojengwa kwa ajili ya ukoo mmoja ikawa na jiko katika kila kona. Ukuta mwembamba wa matofali uliokata ukumbi wa kale vipande viwili huonekana kwa skana kama kasoro katika umbo la asili. Kihistoria ni waraka wa 1964, na una haki ya kuhifadhiwa sawa na nakshi ya 1880.

Ukitembea katika mtaa uliopimwa, nyumba mbili zinazopakana huweza kuonekana katika hali tofauti kabisa: moja imenyooka na imepakwa chokaa, nyingine imepasuka kuanzia msingi hadi paa. Mawe ni yale yale, umri ni ule ule, bahari ni ile ile. Tofauti mara nyingi ni kwamba moja imekuwa hoteli na nyingine ina warithi kumi na wanane waliotawanyika kati ya Dar es Salaam, Maskat na London, ambao hakuna mmoja wao anayeweza kukarabati bila idhini ya wengine. Sababu ya ufa iko katika hati ya mirathi. Kwa hiyo rekodi ya mtaa yenye manufaa kwa mwanahistoria ni ile ambayo kila nyumba katika wingu la nukta imefungamanishwa na hati zake zilizomo katika Nyaraka za Taifa na katika kumbukumbu za wakfu, na vilevile na masimulizi ya waliokaa humo. Masimulizi hayo yana haraka kuliko mawe, kwa kuwa waliokuwa watu wazima mwaka 1964 sasa wana umri wa zaidi ya miaka themanini.

7. Nani anashika faili

Mtaa mmoja uliopimwa kikamilifu hutoa mafaili mazito ambayo kompyuta za kawaida za ofisi haziwezi kuyafungua. Kwa sababu hiyo mara nyingi huhifadhiwa katika chuo au shirika lililofanya upimaji, nje ya nchi, na kinachorudi mtaani ni filamu fupi ya kamera inayoelea juu ya mapaa. Filamu hiyo huvutia watalii, lakini fundi wa chokaa hawezi kuitumia kupimia boriti. Michoro bapa iliyotokana na wingu hilo, ikichapishwa kwenye karatasi kwa kipimo cha kawaida na kuwekwa katika ofisi ya hifadhi na katika skuli ya jirani, ingemfaa zaidi.

Muundo wa mafaili nao huzeeka. Programu iliyotumika kuyatengeneza huweza kutoweka ndani ya miaka kumi, na diski iliyoyabeba kabla ya hapo, hasa katika hewa yenye chumvi na joto la Unguja. Hifadhi inayofaa ni ya nakala kadhaa katika muundo ulio wazi, na moja kati ya hizo iwe Zanzibar, chini ya taasisi yenye wajibu wa kuihamisha kila teknolojia inapobadilika. Gharama hiyo haimo katika bajeti nyingi za miradi, ambazo huisha siku skana inaporudishwa ndani ya sanduku lake. Ramani ya Imam Sharif Khan ya 1892, baada ya zaidi ya miaka 130, bado husomwa kwa macho na mwanga wa dirisha.